Mwosha Aliona Nini?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita, hapa Mombasa, mbele ya vijana wanaojifunza kuandika riwaya. Waliokosa waliniomba niyaandike. Nimeyaweka kama yalivyotoka, mizaha nayo ndani. Kikohozi tu ndicho nilichokiacha.

Assalamu alaykum. Hamjambo nyote? Sikusikia. Hamjambo? Ehe, sasa nimejua niko na watu.

Mwenyekiti amenitambulisha kwenu kuwa ni mwandishi. Msimsadiki. Mimi ni wakala wa forodha mstaafu, mwenye daftari nne za riwaya isiyokwisha. Miaka 27 nimewatolea watu mizigo bandarini na uwanja wa ndege: mitumba, vipuri, mashine za kusaga, na mara mojamoja maiti. Ndiyo, maiti. Maiti akipanda ndege ni mzigo. Ana hati ya mzigo kama friji, kilo zake zimeandikwa, na kwenye hati hiyo kuna herufi tatu, HUM, ili wapakiaji wajue kilichomo ndani ni mwanadamu.

Nimeitwa nizungumzie riwaya za upelelezi za namna moja. Vijana wako safarini, nchi ya watu. Mwenzao anakufa. Wakubwa wanasema ni ajali, ni ugonjwa, ni siku yake ilifika. Vijana hawakubali, wanaanza kuuliza. Wangapi hapa mnaandika kitu cha namna hiyo? Inueni mikono niwaone. Kumi na moja. Na wangapi kati yenu mmekwisha kumjua muuaji wenu ni nani? Wote kumi na mmoja! Basi hapo ndipo nilipokuja kuwagombeza.

Wanangu, kumjua muuaji ni kazi ya jioni moja. Unamchagua tu, wewe ndiye mwenye kalamu. Kazi iliyonimalizia daftari nne ni nyingine: nani aliona, na nini kimemziba mdomo? Ukiondoka hapa na sentensi moja tu, iwe hii: aliyeona hasemi, na anayesema hakuona. Riwaya yako nzima iko katikati ya watu hao wawili.

Niwape kisa.

Usiku mmoja walikuja vijana wanne ghalani kumpokea mwenzao aliyefia Ghuba. Wazee wa marehemu walikuwa nje, kwenye gari, hawakuweza kuingia. Jeneza likatoka, limevikwa gunia, na ndani ya mbao kuna bati la zinki lililochomelewa pande zote. Nikawapa karatasi wazisome kabla ya kutia saini. Cheti cha kifo kwa Kiarabu, na tafsiri yake. Barua ya ubalozi. Cheti cha kutiwa dawa ya kuhifadhi. Pasipoti iliyokatwa pembe. Msichana mmoja miongoni mwao, kavaa fulana ya chuo, akachukua ile tafsiri akaisoma, akarudia tena. Sababu ya kifo: moyo kusimama. Hakulia. Akaniangalia akauliza, "Mjomba, nguo alizokuwa amevaa ziko wapi?"

Nikatazama orodha. Nguo hazikuwemo. Begi halikuwemo. Simu haikuwemo. Nikamwambia, mwanangu, tia saini hapa, na hapa, na pale chini.

Mnaona nilivyofanya? Karatasi zote zile zinasema, na hakuna hata moja iliyoona. Na mimi niliyeona kuwa kuna kitu kimepungua, nilinyamaza, kwa sababu kazi yangu ilikuwa mzigo ulioandikwa, si mzigo ambao haukuandikwa.

Tuitazame hiyo "moyo kusimama". Nani kati yenu amewahi kusikia mtu aliyekufa moyo wake ukaendelea kupiga? Aliyezama baharini, moyo wake umesimama. Aliyepigwa risasi, umesimama. Bibi wa miaka 90 aliyelala asiamke, umesimama. Hiyo si sababu ya kifo, hicho ndicho kifo chenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka cheti kitaje kilichoanzisha safari, si kituo cha mwisho. Lakini ndilo neno linaloandikwa, kwa sababu halina ugomvi. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliiambia kamati ya Bunge kuwa Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda wa miaka kama miwili, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Vifo vingi vilikuwa vimewekewa moyo kusimama, na wizara yenyewe haikukubali kuwa vijana wote wale mioyo yao ilisimama hivihivi. Sasa niambieni, mtu anayetaka kuandika riwaya ya kifo ugenini anatafuta nini kasri la zamani na usiku wa mvua na radi? Aanze na maneno mawili kwenye cheti.

Halafu kuna mbio. Mnapenda mbio ninyi, kila mswada nilioletewa una gari linalofukuzwa na gari. Nitawapa mbio bila gari. Maiti anayesafirishwa mbali kwa kawaida hutiwa dawa kwanza. Dawa inaingizwa kwenye mishipa, damu inatolewa. Baada ya hapo, pima unachotaka. Fomalini, ndiyo dawa yenyewe, ikishapita, sumu nyingine hazionekani tena, saianidi ni mojawapo, na damu ya kupimia haipo. Ndugu wakiomba uchunguzi wa pili nyumbani, daktari anafungua jeneza anakuta mwili uliokwisha kupasuliwa na kujazwa. Kwa hiyo vijana wenu hawashindani na muuaji. Wanashindana na mtu mmoja mpole, mwenye aproni na glovu, ambaye ameambiwa ndege inaondoka Alhamisi na anataka kumaliza kazi yake aende nyumbani. Huyo hana ubaya na mtu yeyote. Ndiyo maana anatisha.

Na ubalozi? Katika miswada yote mtu akifa vijana wanakimbilia ubalozini, na balozi anatoka na koti lake anaanza kuhoji mashahidi. Hakuna kitu kama hicho. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, yaani ya ofisi za ubalozi zinazohudumia raia walio ugenini, kifungu cha 37, unaitaka nchi mtu alikofia ilijulishe konseli la nchi yake bila kuchelewa. Konseli litawajulisha ndugu, litaandika barua, litaomba ripoti, pengine litawapa majina ya mawakili. Upelelezi ni wa polisi wa nchi ile. Ofisa wa konseli anawasomea vijana kile alichosomewa yeye. Anayesema...? Ehe, semeni wote. Anayesema hakuona.

Sasa niingie kwenye vitabu kidogo, mwenyekiti asije akasema nimewageuza kuwa makarani.

Mwaka 1924 mwandishi Mwingereza Agatha Christie alitoa riwaya iitwayo The Man in the Brown Suit. Kuna msichana, Anne Beddingfeld, baba kafa, mali hakuna. Yuko kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi London. Mtu anashtuka, anarudi nyuma, anaanguka relini, anakufa. Anajitokeza mtu anayejiita daktari, anampapasa maiti, anaondoka mbio, anaangusha kikaratasi. Kikaratasi kinanuka naftalini na kimeandikwa jina la meli. Anne anachukua pesa zake zote, anakata tiketi, anakwenda Cape Town na hatimaye Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Kijana, msafiri, kifo cha mashaka, nchi ya mbali: yote mnayoyataka yamo. Na njia ile mwandishi aliijua, maana yeye na mumewe walipita Afrika Kusini na Rhodesia mwaka 1922, kwenye msafara wa kuyatangaza maonyesho ya Dola ya Uingereza.

Nimekipenda kitabu kile. Nakiri. Nimekisoma zamu ya usiku ghalani nikacheka peke yangu. Lakini kisomeni kwa jicho la mtu wa huku. Treni inapanda kaskazini, inasimama vituoni, na kwenye vituo kuna Waafrika wanauza vinyago vya wanyama. Anne anavinunua kwa furaha mpaka vinakuwa mzigo. Haya, wauza vinyago wale wanashinda kituoni, kila treni inayosimama wanaitazama, nani kashuka, nani kapanda, nani kakaa dirishani na nani kajificha. Ndio mashahidi bora kuliko wote. Nani aliwauliza? Hakuna. Wameuza twiga wa mti, treni ikaondoka.

Msimchukie mwandishi. Mjiulize ninyi. Katika miswada yenu kumi na mmoja, ni nani muuza vinyago? Ni nani mnayempita mkitafuta shahidi mwenye suti?

Sisi wenyewe upelelezi wetu ulianza kwingine. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ulishinda mashindano ya mwaka 1957–58 ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ukachapishwa 1960. Watu wanasema Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, ni Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabu vya Kiingereza, aliyeletwa Unguja, na kweli kiko ni kile, na rafiki wa kumfuata, Najum, ni yule. Sawa. Lakini kuna jambo wanalisahau. Kabla ya kuwa mwandishi wa habari, Abdulla alifanya kazi miaka kumi katika idara ya afya, kuanzia 1938, akiwa mkaguzi. Bwana afya! Bwana afya kazi yake nini? Si kubisha hodi, kuingia uani, kuuliza maji mnaweka wapi, choo kiko wapi, nani mgonjwa humu, na huyu aliyelala ni nani? Mtu huyo hakuhitaji kwenda London kujifunza kuwa ukweli wa nyumba uko jikoni, si barazani.

Ila Bwana Msa ni mwenyeji. Akiuliza anajibiwa. Vijana wenu ni wageni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yenyewe nini? Viza. Pesa zinazokwisha. Mwajiri, kafili, ambaye kibali cha kukaa kinamtegemea yeye, kwa hiyo shahidi aliyeajiriwa naye hathubutu. Na lugha. Hasa lugha, na hapo nina kisa cha kunichekesha.

Mpwa wangu alikwenda Muscat na mwenzake, mara yao ya kwanza. Wakapanda teksi kwenda Matrah. Wakakaa nyuma wakaanza kumsema dereva kwa Kiswahili, wakijua wamejificha. Huyu mzee atatuzungusha. Huyu ametuona sura za kigeni. Tazama ndevu zake. Yule mwenzake ana mdomo, akaongeza na la nguoni. Mzee kimya, mikono kwenye usukani, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Wakafika. Akageuka polepole akasema, "Wanangu, mimi nimezaliwa Ng'ambo, Unguja. Sijawazungusha. Na wewe uliyekaa kushoto, mimi ni umri wa babu yako."

Mpwa wangu anasema alitamani ardhi ipasuke. Na kosa lilikuwa lake. Hakujua kuwa baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi 1970, watu wengi wa Unguja wenye asili ya Oman walihamia kule, na kuwa Kiswahili kimeketi Muscat majumbani mwa watu, kinapika na kulea watoto.

Sasa fikirini. Kama vijana wale wangekuwa wanapeleleza kifo, na wangemtaja mshukiwa wao ndani ya teksi ile? Mmeona ilivyo? Mgeni anadhani anasikiliza, kumbe anasikilizwa. Msipoteze kisa cha namna hiyo kwa kumfanya dereva awe jasusi. Mwacheni awe dereva. Aende nyumbani, ale chakula cha usiku, amwambie dada yake, "Leo nimepakia watoto wa Mombasa, wanamwulizia yule binti." Basi.

Na dada yake, katika riwaya yangu, ndiye mwosha maiti.

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi. Ndipo nilipokwama, na nadhani ndipo riwaya hizi zilipo.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwosha wanawake katika mtaa wetu. Akiitwa saa yoyote huvaa buibui anakwenda. Nilimbebea ndoo nikiwa mdogo mpaka mlangoni, zaidi ya hapo sikuruhusiwa, lakini vitu nilivijua: maji ya uvuguvugu, majani ya mkunazi yaliyopondwa, kafuri ya maji ya mwisho, pamba, sanda, na kitambaa anachojifunga mkononi ili asimguse marehemu kwa ngozi tupu. Anaanza upande wa kulia. Maiti amefunikwa, na yeye anaosha chini ya nguo, polepole, kama anayeosha mtoto aliyelala asije akaamka. Akimaliza, hakuna mtu duniani, si daktari, si polisi, si mume, anayeujua mwili ule kama anavyoujua yeye. Kila mchubuko. Kila kucha iliyovunjika.

Na hakuna mtu aliyefungwa mdomo kama yeye. Mwosha ni mwenye kusitiri. Alilolikuta kwa maiti halitoki. Shangazi alikuwa akirudi, ananawa, anakaa kwenye kibao jikoni, anaomba chai ya rangi. Sisi watoto, na mama pia, tunamkodolea macho. Vipi shangazi? Anapuliza chai. "Mwosha huoshwa." Neno hilo tu. Maana yake nami nitalazwa ubaoni, nami nina ya kusitiriwa.

Mtaniambia, mzee, kusitiri aibu ni jambo moja na kuficha jinai ni jingine. Kweli. Sheikh yeyote atawaambia hivyo hivyo. Lakini mtieni mwosha ndani ya chumba kile. Ni saa nane usiku. Binti ni mgeni, hana ndugu katika nchi ile, mwajiri wake yuko nje anataka azikwe asubuhi. Karatasi inasema moyo kusimama. Mwosha anainua kidevu apitishe maji, anaona mstari shingoni. Mstari ule ni nini? Kama binti alijinyonga, ni aibu ya kusitiriwa, na akisema amewavunjia heshima wazazi wasioweza hata kujitetea. Kama alinyongwa, ni jinai, na akinyamaza amemzika shahidi. Alama ni moja! Mwosha si daktari. Ana taa moja, ndoo mbili, na mwenzake wa kumsaidia ambaye naye ameona na anatazama pembeni. Atafanya nini? Ninyi mngefanya nini?

Nyamazeni kidogo, msijibu upesi.

Wiki mbili baadaye vijana watatu wanabisha hodi kwake. Wamefikishwa na dereva wa teksi. Wanazungumza Kiswahili cha Mombasa, na yeye anawajibu kwa Kiunguja alichoondoka nacho akiwa mdogo. Anawakaribisha, anawaandalia kahawa na tende. Ni watoto wazuri, wana adabu, mmoja amebeba picha. Wanamwuliza swali ambalo kila mpelelezi anauliza: uliona nini? Na hilo ndilo swali asiloweza kulijibu, hata akitaka. Wakimshika, wakamlilia, wakamtajia haki na sheria, watakuta mlango umefungwa. Mpelelezi wa kitabu cha Kiingereza angemtega. Angemwambia uongo apate ukweli. Je, kijana wako atamtega mwanamke aliyemwosha rafiki yake bila malipo?

Nilitaka pia kusema juu ya saa, maana kuna mambo matamu humo. Shahidi anasema binti alitoka saa tatu usiku, ofisa asiyejua hesabu zetu anaandika saa tisa za usiku kwa kudhani tatu ni tatu, na mtu mwenye hatia anapata saa sita za kujificha ndani yake. Lichukueni hilo bure, mimi nimeshazeeka. Naona mwenyekiti ananionyesha saa yake, nayo sijui anaisoma vipi.

Mlango ule wa mwosha nimeuandika mara tatu. Mara ya kwanza nilimfanya aseme yote, kurasa mbili, akilia. Nilipousoma kesho yake nilimwonea haya shangazi yangu. Mara ya pili nilimnyamazisha kabisa, vijana wakaondoka na tende zao, nami nikabaki na riwaya isiyo na mwisho. Mara ya tatu, nikiandika, likanirudia lile swali la msichana wa ghalani, nikampa kijana wangu. Asimwulize mwosha aliona nini. Amwulize, "Bibi, nguo alizokuwa amevaa ziko wapi?"

Mwosha akaweka kikombe chini. Swali hilo halihusu mwili. Hakuna aliyemfunga mdomo juu ya nguo. Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, na juu yake mtandio.

Hapo ndipo nilipofika. Daftari ya nne, ukurasa wa mwisho, na mfuko bado haujafunguliwa. Chai iko pale nyuma, na mahamri kabla hayajapoa. Na yule dada aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kafuri, aanze yeye.